Mvulana Asiye na Uso



Watu wa pwani tumezoea kuambiwa kwamba sanaa yetu ni ya ulimi na sikio: mashairi, ngano, vitendawili vya baada ya Isha. Ni kweli, ila jicho nalo limekuwa na sehemu yake tangu zamani. Mwanamke akijifunga leso na jina lake likasomeka vyema mgongoni, amekwisha kumjibu jirani kabla hajafungua kinywa. Na katika rika langu, ni nani hakuwahi kukaa mbele ya kandili akamtazama mjomba akikunja vidole, ukutani akatokea mbwa, kisha sungura, kisha ndege? Ukuta wetu ulikuwa wa udongo wenye nyufa, na ndege yule alipopita juu ya ufa tulimwonea huruma tukidhani amevunjika bawa.

Leo nataka kuandika juu ya kitambaa. Nimekwisha kukiona mara tatu, na kila nikikiona hukuta kimebadilika.

Mwenye kitambaa ni mkunga mstaafu katika kijiji nilichoolewa, nyuma ya Msambweni, upande wa Mto Mkurumudzi. Hapendi jina lake litajwe, nami nimemtii. Katika miaka yake ya kazi alipewa mabango kitita ya kufundishia, yale makaratasi makubwa yaliyofungwa kwa juu na kupinduliwa moja baada ya jingine. Alikuwa akinung'unika kwamba mto uliochorwa mle si mto wa huku: kingo zake zilifanana na bustani, na mtoto aliyesimama majini alivaa viatu. Watoto walivitazama viatu vile, maneno ya mkunga yakapita juu ya vichwa vyao. Alipostaafu akasema sasa atachora mto anaoujua.

Alinunua marekani yadi 12, akaipasua katikati kwa urefu na kuziunga pande mbili kwa cherehani, ukawa ukanda mmoja wa yadi 24. Kila ncha akaigongomea ufito wa mkoko. Fito mbili hizo zasimama ndani ya kasha la mbao lililokatwa dirisha kwa mbele, na wajukuu wake wawili wa kike huzizungusha, mmoja akifungua na mwingine akikunja, hata picha ikapita dirishani polepole kama nchi inavyompita mtu aliyekaa ndani ya mashua. Nyuma ya kitambaa huwekwa kandili. Rangi zote ni za nyumbani: mistari ni ya piko na makaa, maji ni buluu ya kufulia, mchanga ni manjano ya jikoni, ambayo hufifia na kila mwaka yataka kupakwa upya. Nyekundu ni hina. Hina hiyo imewekwa mahali pamoja tu katika yadi zote 24, nami nitafika hapo.

Jioni niliyokihudhuria mara ya kwanza, mikeka ilitandikwa chini ya mwembe baada ya Isha. Watoto walikaa mbele, wanaume upande wa kulia, sisi wanawake kushoto. Hadithi ilikuwa ya kichocho. Anayeijua Kwale hatashangaa, kwani maradhi haya ni ya zamani katika vijiji vya Msambweni, na watafiti wa Kenya na wa nje wamekuwa wakiyachunguza huku tangu miaka ya 1980.

Fito zikazunguka. Mvulana anatoka chuoni adhuhuri, jua la utosi. Mvulana anafika mtoni, anavua shati, anaogelea, na akiwa majini anafanya lile ambalo kila mvulana hulifanya majini. Hapo kundi la mbele likacheka, na mkunga akawaacha wacheke hadi waishe. Kisha akasema, "Haya, tuufuate mkojo ule, tusimfuate mtoto." Picha ikapita. Katika maji ya buluu yakaonekana mayai, kila moja likiwa na mwiba mdogo kwenye ncha yake. Yai likafunguka, kikatoka kidudu, kikamtafuta konokono, kikaingia ndani yake. Kwa picha kama nne nzima tulikuwa ndani ya konokono, mahali ambapo sidhani binadamu wengi wamewahi kupelekwa, tukaona kidudu kimoja kikizaa wengi wasiohesabika. Kisha wakatoka kama vumbi, adhuhuri ile ile, maana vidudu hawa hupenda kumtoka konokono wakati jua li juu, saa ambayo watoto nao wamo mtoni. Wakaingia katika ngozi ya mguu pasipo jeraha. Mtoto mmoja akauliza kama konokono ni mkubwa hivyo. Mkunga akatoa mfukoni kombe tupu, akalizungusha kutoka kiganja hadi kiganja. Halikuzidi ukucha wa kidole gumba.

Nimewahi kuyasikia haya yote katika hotuba, tena yakielezwa na wasomi. Lakini hotuba hupita na mwenye kuitoa. Kitambaa kilikuwa kinasubiri. Mtu akiuliza, wajukuu huacha kuzungusha na picha hubaki pale, mwanga wa kandili ukitikisika nyuma yake, mpaka jibu liwaingie watu. Ikibidi hurudishwa nyuma. Mzee mmoja aliomba arudishiwe konokono mara mbili, na hakuna aliyemharakisha.

Jambo la pili nililoliona ni kwamba watu wale waliochorwa hawakuwa na nyuso. Mvulana ana kofia, ana magoti, ana kivuli, lakini usoni pake ni marekani tupu. Hili lilikuwa na kisa chake. Kabla ya kuchora, mkunga alimwendea ustadhi wa msikiti akamweleza nia yake, kwa kuwa alijua wapo watakaochukia picha za viumbe wenye roho. Msomaji ajua kwamba wanazuoni wametofautiana hapa. Wapo wanaokataza kabisa, na wapo wanaotoa ruhusa kwa kufundishia watoto, wakikumbusha kwamba Bi Aisha (r.a.) alikuwa na wanasesere wake naye Mtume (s.a.w.) hakumkataza. Ustadhi hakutaka ugomvi kijijini. Akashauri nyuso ziachwe, na mkunga akakubali papo hapo.

Kwa maoni yangu, ushauri ule, uliotolewa kwa ajili ya dini, ndio uliokifanya kitambaa kuwa na nguvu. Uso uliochorwa huwa wa mtu fulani, wala mtu huyo si wewe. Uso mtupu ni kiti kisicho na mtu. Kabla picha hazijafika mbali, watoto walikuwa wamekwisha kumwita mvulana yule kwa majina ya wenzao, wakisukumana na kukanushana, na kila jina lilimkaa sawasawa.

Ikaja picha ya hina. Mvulana amesimama nyuma ya choo cha makuti, ametupa mgongo, na miguuni pake pana tone moja jekundu. Mkunga hakusema neno. Kicheko kikakatika. Katika mwanga ule hina haikuwa nyekundu ya rangi ya dukani, ilikuwa rangi ya damu yenyewe iliyokwisha kukauka.

Mwanangu wa pili alikuwa na miaka 11 wakati huo. Alikaa safu ya tatu, nami nilikuwa namwona ubavuni. Watoto wengine waligeuka kutazamana, yeye hakugeuka. Wajukuu walipotaka kuendelea kuzungusha, akainua mkono, akauliza kwa sauti ndogo, "Bibi, mtoto huyo alimwambia nani?"

Mkunga akatazama kitambaa, akatazama wajukuu, akasema kweli: "Hilo sikulichora, mwanangu. Picha inayofuata yuko zahanati tayari. Wewe waonaje, angemwambia nani?"

Alikaa kimya kwa muda. "Babu yake," akasema.

Sikuinuka mahali pangu. Mama wa mvulana anajua yapi ya kwake na yapi si ya kwake. Lakini mambo kadhaa yalijipanga yenyewe kichwani mwangu: kwamba tangu mwezi wa Ramadhani alikuwa akizifua nguo zake mwenyewe, hata bibi yake akimsifu kwa majirani, na kwamba usiku alikuwa hapendi kufuatana na ndugu zake nje. Usiku ule ule, taa zikiwa zimezimwa, nilisikia mlango wa baba mkwe ukifunguliwa, na sauti mbili, moja nene na moja nyembamba, zikaongea hadi nikapitiwa na usingizi. Asubuhi mzee akaniambia tu kwamba yeye na mjukuu wake wana safari ya hospitali, wala nisiulize. Sikuuliza.

Baadaye mume wangu alinieleza kwamba zamani wavulana wa upande huu walipoona damu katika mkojo walidhani ndiyo dalili ya kukaribia kubaleghe, na wengine walijivunia. Mwanangu alikuwa ameambiwa hivyo na wenzake wakubwa, lakini hakuamini kikamilifu, na kati ya kuamini na kutoamini akakaa na hofu yake peke yake. Kichocho cha kibofu si cha kujivunia. Kikiachwa miaka mingi huharibu kibofu na figo, na baadhi ya watu huwafikisha kwenye saratani.

Dawa yake, prazikwanteli, nayo ina picha yake kitambaani: fimbo iliyochorwa mistari. Fimbo hii ni kitu halisi, hutumika shuleni na zahanati zisizo na mizani. Mtoto husimamishwa kando yake, na mstari unaofikiwa na utosi wake ndio unaosema atameza vidonge vingapi vya miligramu 600. Nilifurahi kuona kwamba hata wataalamu wa afya wa dunia, pamoja na mashine zao, walirudi kwenye kijiti na mistari. Vidonge vyenyewe ni vichungu na humezwa baada ya kula. Mkunga alikuwa ameuchora mkate wa mofa pembeni ya fimbo ili jambo hilo lisisahaulike.

Watoto walipoondoka, wanaume nao wakaaga, akatandua kitambaa cha pili, kifupi, cha wanawake peke yetu. Sitakieleza chote katika gazeti la familia, ila jambo moja ni lazima liandikwe. Mayai yale yale ya kichocho huweza kukwama katika viungo vya uzazi vya msichana, yakaleta damu, maumivu na majimaji, na mwenye kumtazama asiyejua akadhani ni maradhi ya zinaa. Msichana aliyechota maji mtoni tangu utotoni akavunjiwa heshima kwa neno ambalo halikumhusu. Katika kitambaa hicho msichana naye hana uso, amekaa mlangoni, na wanawake wawili wamesimama mbali wakinong'onezana. Picha hii ilipofika, hakuna aliyeuliza swali. Mama mmoja mtu mzima alijifunika leso yake yote, akabaki hivyo mpaka mwisho. Mkunga akaiacha picha ikae, akaongeza mafuta katika kandili, akaendelea kutulia. Ni mwalimu gani angethubutu kunyamaza muda ule wote?

Baada ya jioni zile nilitamani kujua kama jambo hili lina ukoo, nikauliza na kusoma. Ukoo upo, na ni mrefu kuliko nilivyodhani. Mjini Cairo, zaidi ya miaka 700 iliyopita, aliishi tabibu wa macho aliyetoka Mosul, jina lake Ibn Daniyal. Mchana alitibu macho, na alitunga michezo ya vivuli: sanamu bapa za ngozi nyuma ya pazia, taa nyuma yake, na msimulizi mmoja akisema kwa sauti za wote. Michezo yake mitatu imetufikia, ingawa si yote ya kusomwa mbele ya watoto. Nimependa kwamba mtu mmoja alikuwa na kazi zote mbili, ya kuyaponya macho na ya kuyapa kitu cha kutazama.

Kabla yake, imesimuliwa kwamba Sultani Salahuddin alimwita waziri wake, al-Qadi al-Fadil, atazame mchezo wa vivuli. Waziri alikuwa mcha Mungu, hakujua kama yafaa, akataka kuondoka, lakini akabaki kwa heshima. Pazia lilipokunjwa akakiri kuwa ameona mazingatio makubwa: dola zilikuja na kupita mbele yake, kisha ikabainika kwamba aliyezisogeza zote ni mmoja tu. Wengine hawakuridhika hivyo. Katikati ya karne ya 15 Sultani Jaqmaq aliamuru sanamu za vivuli zichomwe moto. Ndiyo kusema mjadala wa ustadhi wetu na mkunga si mpya hata kidogo, na wao waliumaliza kwa upole zaidi kuliko wafalme.

Na jina la marekani nalo lina habari. Kitambaa hiki cha pamba kiliitwa hivyo kwa sababu kililetwa na wafanyabiashara wa Marekani, hasa wa mji wa Salem, baada ya nchi yao kufanya mkataba na Sayyid Said mwaka 1833. Wazee wetu walikivaa, wakakifanyia sanda na tanga. Wakati ule ule, huko kwao, watu walikuwa wakichora pamba ndefu na kuiviringisha kati ya vigogo viwili mbele ya watazamaji waliolipa kiingilio. John Banvard alichora Mto Mississippi hivyo katika miaka ya 1840. Mwaka 1848 wachoraji wawili, Benjamin Russell na Caleb Purrington, walichora safari ya kuwinda nyangumi, na kitambaa chao kingalipo katika jumba la makumbusho, urefu wake unakaribia mita 390. Mkunga nilipomweleza haya alinisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Mita 390? Nani alikuwa akizungusha?"

Swali lake lilikuwa na maana. Wajukuu wake huchoka mikono, na hadithi hukatika wanapobadilishana. Pana nafasi ndogo hapo, kama pumzi kati ya beti, na watu huitumia kusema yao. Katika moja ya nafasi hizo, mara ya kwanza, ndipo palipozuka kesi ya pampu. Kitambaa kilikuwa kinaishia kwa picha ya furaha: wanawake wanachota maji safi kwenye pampu ya mkono, hawaendi tena mtoni. Pampu ilichorwa vizuri, aina ya Afridev, ambayo ilijaribiwa huku huku Kwale miaka ya 1980 kabla ya kuenea nchi nyingine za Afrika. Lakini sauti ikatoka upande wa wanawake: "Hiyo ni ya kijiji gani?" Kicheko kikapasuka, kwa maana pampu yetu ilikuwa haitoi tone, mwaka wa pili ule, na kila aliyekaa mkekani alikuwa ameteka mtoni siku hiyo. Wanaume wakacheka pia, ingawa si kwa sauti kubwa sana, kwani kamati ya maji ilikuwa ya kwao.

Mkunga hakujitetea. Alichukua kipande cha makaa, akakata mstari juu ya mpini wa pampu, mbele yetu sote.

Nilipokiona kitambaa mara ya pili, karibu na Idi, kilikuwa kimefumuliwa mahali pawili na kushonwa upya. Baada ya tone la hina palikuwa na pande jipya, marekani yake nyeupe kuliko ya jirani zake: mvulana na mzee wamekaa kizingitini usiku, kati yao pana kandili, na nyuso zao zote mbili ni tupu. Mwanangu alikuwa amekwisha kumeza dawa, na kipimo cha pili kilikuwa safi. Aliitazama picha ile na hakusema kitu. Alinyoosha mkono gizani akachukua tende katika sahani ya jirani yake.

Pande la pili lilikuwa mwishoni. Pampu haina mpini, wanawake wamekaa juu ya ndoo zilizofudikizwa, na nyuma yao njia ya mtoni yaonekana imekanyagwa hadi kung'aa. Mwenyekiti wa kamati alikuwepo jioni hiyo. Wajukuu waliisimamisha picha kwa muda mrefu kuliko nyingine zote, nami sijui kama mikono ilikuwa imechoka kweli.

Mara ya tatu ilikuwa mwezi uliopita. Mvua ya ghafla ilikuwa imekinyeshea kitambaa uani, na buluu ya mto ilikuwa imetambaa mpaka kwenye vyumba vya zahanati. Pampu imetengenezwa. Fundi alikuja na vipuli vyake, na kwa sasa maji yanatoka. Nilimuuliza mkunga kama ataifumua tena picha ya ndoo arudishe ile ya zamani. Alikuwa anakuna manjano kwa ajili ya mchanga. Akasema pande la zamani amelihifadhi chini ya godoro, lakini ataliacha huko kwanza, aone pampu itapita kiangazi.